Ziwa Mkono wa Kulia

24 Februari

Kwako Kinyozi,

Sijui barua hii itakukuta wapi. Nimeituma kwa Mjomba wako kwenye saluni, kama ulivyotuagiza pale kituoni: "Andikeni kwa Mjomba, yeye atanifuatishia." Namwonea huruma Mjomba. Kumfuatishia barua mtu aliyeko barabarani si kazi ndogo.

Mwenzio nimerudi kazini wiki tatu sasa. Meza yangu ni ile ile ya dirishani, niliyoingoja miaka sita mpaka bibi aliyekuwa akiikalia akastaafu. Mafundi wenzangu kumi na mmoja wananionea kijicho kwa mwanga ninaoupata. Nami nakaa hapo nashona kola za sare za shule, kola juu ya kola, na miguu chini ya cherehani haitulii. Juzi nilivunja sindano tatu kabla ya chai. Msimamizi akaniuliza, "Wewe unakimbilia wapi?" Nikachomeka sindano ya nne.

Tukitoka kwenda kula, najikuta nimesimama mlangoni nawahesabu. Jana nusura nipige kelele, "Tumetimia!" kama jioni zote ishirini na sita tulizoufuata ule mto tangu chanzo chake hadi unapoingia ziwani, ninyi kumi na watatu mbele, mimi wa mwisho kwenye mstari. Mliponiita Mkia nilinuna siku mbili nzima. Sasa hakuna anayeniita hivyo, na jina lenyewe nalitamani!

Nimewaandikia wote. Tulikubaliana barua, si simu, na namba hatukupeana, kwa kuwa Mwalimu alisema simu zitatufanya tusalimiane juu juu mpaka tuchokane. Haya. Barua kumi na tatu nimetuma ukihesabu na hii, wamejibu wawili. Mwalimu kaniandikia mistari minne, mitatu ni ya mvua. Nesi kasema atanijibu vizuri akipata nafasi. Kweli asiyekuwepo na lake halipo.

Umebaki wewe. Nakuona bado ulivyosimama kituoni na begi mgongoni, basi letu linaondoka, wewe unapunga mkono: "Mimi nalizunguka ziwa lote!" Miezi mitatu kwa mguu, wenyeji walisema. Niambie umefika wapi na unaona nini. Sisi wengine tumekaa. Anayetembea ni wewe tu, na mimi natembea kwa miguu yako.

Mkia

*

2 Machi

Kaka Breki,

Shikamoo kaka. Naandika nikiwa kwenye kiti cha wateja, saluni kwa Mjomba. Ndiyo, kwa Mjomba. Usicheke kwanza.

Basi lenu lilipoondoka nilitembea kweli, mpaka mwisho wa vibanda vya kituoni, labda hatua mia tatu. Halafu nikageuka nyuma kumtazama Mkia kama ananihesabu, mazoea ya siku ishirini na sita. Hapakuwa na mtu. Kaka, mtu mzima mimi, na ndevu zangu hizi, niliingiwa na woga mpaka tumbo likakata. Nikasema, nikianguka huko mbele nani atajua kwamba nimepungua? Nikapanda basi la saa tisa nikarudi nyumbani.

Sasa Mkia kaniandikia. Soma mwenyewe, nimekuwekea. Anasema anatembea kwa miguu yangu. Miguu yenyewe hii, imesimama juu ya nywele za watu kuanzia asubuhi!

Nakuomba kitu kimoja. Wewe lori lako la saruji linapita miji ya upande wa ziwa kila wiki. Barua iliyomo ndani itie kwenye sanduku la posta huko, mji wowote. Mara moja tu. Ukweli nitamwambia baadaye, akishatulia.

Mdogo wako,
Kinyozi

*

2 Machi, kando ya ziwa

Dada Mkia,

Barua yako imenikuta nimeketi juu ya jiwe, miguu majini. Ningekuwa na nafasi ningekuandikia kitabu. Siku ya ishirini na nane leo, na ziwa lipo mkono wangu wa kulia tangu naamka mpaka nalala. Upepo wake nimeuzoea mpaka sikio la kulia limekuwa baridi kuliko la kushoto.

Nala kwa mkasi wangu. Nikifika penye nyumba naweka kigoda, nanyoa, napewa chakula na pa kulala. Jana nilimnyoa mzee mmoja ambaye kazaliwa ukingoni na hajawahi kuvuka upande wa pili. Akaniambia, "Ukifika huko wasalimie, waambie tunauona moshi wao." Nimeahidi.

Usisikitike juu ya wale wengine. Kila mtu ana jiko lake. Mimi nipo, natembea kwa niaba yenu wote.

Kinyozi wa njiani

*

10 Machi

We Kinyozi,

Marahaba. Barua nimeitia posta. Nimecheka peke yangu kwenye mizani ya malori mpaka askari akauliza nimekunywa nini. Sikio la kulia limekuwa baridi! Wewe ungekuwa mwandishi wa matangazo ya biashara.

Sasa nisikilize kaka yako. Mlinipa jina la Breki kwa kuwa nilisimama kila mti kufunga kamba za viatu. Basi na sasa nasimama. Njia ya mwongo fupi, na huyu unayemdanganya siyo Nesi wala Mwalimu. Mkia kila jioni alikuwa anaandika kwenye daftari lake tumekwenda umbali gani, nani kachubuka kisigino na mto upo upande gani. Mimi nilisahau siku niliyoanza kuchechemea, yeye akanitajia tarehe!

Na usiniulize habari za ziwa. Barabara ya lami inapita mbali nalo. Nalichungulia mara mbili kwa wiki kupitia kioo cha pembeni, basi. Mwambie ukweli angali anacheka.

Breki

*

16 Machi

Kinyozi wa njiani,

Umeniponya! Niliisoma kazini, nikaisoma ndani ya basi, nikamsomea dada yangu tuliyepanga naye, akaniambia, "Huyo mtu hana kwao?" Nikamjibu kwao anapo, ila hapamtoshi. Nimeibandika ukutani juu ya kitanda, upande wa kulia.

Hapa mambo ni moto. Msimamizi kanipa onyo la maandishi kwa kutembea ovyo wakati wa kazi. Sitembei ovyo. Natoka mezani mpaka mlango wa stoo na kurudi, hatua arobaini na nne, basi hapo mwili unapata nafuu kidogo. Alisema kama meza ya dirishani imenichosha wapo wanaoitaka. Nikamwambia nitafikiri. Zamani ningepiga magoti, miaka sita si mchezo.

Ukipata dakika niambie zaidi. Maji yana rangi gani asubuhi? Unalala wapi mvua ikinyesha? Goti lako la kulia, lile lililokusumbua wiki ya pili, linasemaje?

Kuna jambo linanizunguka kichwani, bado sijalipa jina.

Mkia

*

22 Machi, kando ya ziwa

Dada Mkia,

Goti linasema ahsante, limepona. Mvua ikinyesha nalala shuleni, walimu wananiachia darasa. Maji asubuhi yana rangi ya chai ya maziwa, halafu jua likichomoza yanageuka fedha. Leo limechomoza kutoka majini kabisa, mkono wangu wa kushoto, nikasimama nikashangaa mpaka viatu vikalowa.

Lakini dada, nakusihi, usifanye haraka na habari za kazi. Barabara ina shida nisizokuandikia. Upweke huku ni wa kweli. Kuna jioni natamani hata mtu wa kunigombeza. Meza ya dirishani ukiiacha leo kesho ina mwenyewe. Kaa, ngoja, nitakuwa nakuandikia.

Kinyozi

*

29 Machi

Kinyozi,

Nimeiacha meza. Imechukuliwa na fundi wa vifungo, binti mpole, alilia kwa furaha nikashindwa kumchukia. Dada hazungumzi nami tangu jana. Ameweka sahani yangu mezani kwa kishindo, kwake hiyo ni hotuba.

Nitaanza tarehe nane Aprili, pale pale kituoni tulipoachana. Wewe unakwenda upande wako, mimi nitakuja kwa upande wa pili, ziwa likiwa mkono wangu wa kushoto. Nimepiga hesabu. Umebakiza chini ya mwezi, kwa hiyo tukifuatana hivyo tutakutana baada ya wiki mbili, siku mbili zaidi kama goti limekudanganya. Njia ya ukingoni ni moja, hatuwezi kupishana.

Huna haja ya kujibu, barua haitanikuta. Kama kuna jambo la kuniambia kabla sijaondoka, ulitakiwa uwe umeshalisema.

Mkia

*

4 Aprili, kwa mkono wa dereva mwenzako

Kaka Breki, nimekwisha!

Ameacha meza. Ile meza! Baada ya siku nne anaanza kulizunguka ziwa peke yake kuja kunipokea, na mimi niko hapa na brashi ya shingo mkononi. Atatembea wiki mbili, hatanikuta. Atatembea ya tatu akidhani nimeanguka mahali. Unamjua Mkia: akihesabu mtu akapungua halali. Siku ile Mwalimu alipopotea nusu saa, si alirudi nyuma peke yake mpaka akamkuta? Atanitafuta kwenye kila nyumba, kila zahanati, akimtafuta mtu ambaye yuko kwa Mjomba ananyoa denge.

Barua kwenda kwake huchukua siku sita. Nimeandika tatu za kuungama, zote nimechana. Mjomba kazisoma vipande vipande kwenye pipa la nywele, akaniambia mtu akimwongopea mwenziwe namna hii hafai hata kushika wembe. Wateja walikuwepo.

Nakuomba, kaka. Nichukue kwenye lori. Nishushe mahali mbele kule, pale ambapo ningekuwa nimefika. Nitatembea siku kumi, nitakutana naye, nitakuwa na vumbi la kweli, mambo yataisha. Nina aibu hata kuliandika.

Kinyozi

*

5 Aprili, kwa mkono wa yule yule

Kinyozi,

Mwana kulitafuta mwana kulipata. Nakuja tarehe saba, asubuhi, uwe nje na begi. Lakini sikushushi mbele. Sikushushi katikati wala robo. Nakushusha kituoni, pale ulipopandia basi la saa tisa, umkute, umwambie kwa mdomo wako. Lori langu limebeba uongo wako safari mbili, ya pili nikiwa nimeshakukanya, na halikulipiwa, sasa linabeba saruji tu.

Na viatu vaa vile vya mto, siyo hivyo vya kuchongoka.

Breki

*

8 Aprili, kwa karani wa tiketi, ampe Kinyozi akija. Asipokuja aitie motoni.

Kinyozi,

Ziwa halihami mkono.

Barua ya kwanza lilikuwa kulia. Ya pili likawa kushoto. Mtu anayelizunguka ziwa anaweza kusahau tarehe, anaweza kusahau jina la mama yake, lakini hawezi kuamka siku moja akakuta maji yamehamia upande wa pili wa mwili wake, isipokuwa amegeuka anarudi. Nikazichukua bahasha zako zote mbili, nikazikung'uta juu ya kitambaa cheusi. Vumbi la saruji. Mwambie Breki anawe mikono.

Nilijua tangu jioni niliyoipokea hiyo ya pili. Niliibandua ile ya ukutani, nikaingia bafuni nikalia kwa hasira mpaka dada akagonga. Siyo kwa sababu hukutembea. Ungeniandikia, "Mkia, niliogopa, nikarudi," ningecheka, ningekupenda vile vile. Kilichoniuma ni kwamba nilikuwa naamka kila siku nafurahi kwa ajili ya mtu ambaye hayupo. Halafu nikakuandikia kwamba nakuja, nikakudokezea kwamba ulitakiwa uwe umeshasema. Hukusema.

Lakini usijipe ukubwa, meza sikuiacha kwa ajili yako. Nilipojua hakuna hata mmoja anayetembea katika watu kumi na wanne, nikasema basi atembee mmoja wetu. Naogopa, ndiyo. Nakwenda hivyo hivyo.

Kama umeisoma hii, maana yake umekuja, na hilo nalihesabu. Usinifuate nyuma. Nenda upande ule uliousema. Nitakuwa nakuja.

Mkia

*

3 Mei

Kaka Breki,

Ile pancha ya lori lako tulipokuwa njiani ilininyima siku moja, lakini nadhani iliniokoa. Ningemkuta kituoni ningeongea sana. Karani alinipa barua bila kunitazama usoni, nadhani ameisoma.

Siku ya ishirini na tano leo. Siandiki mambo mazuri. Goti limevimba. Hakuna mtu anayelipa chakula kwa kunyolewa, watu wana vinyozi wao. Siku ya tatu mbwa walinikimbiza nikaangusha mkasi kwenye tope. Na njia kwa sehemu kubwa haioni maji, inapita kwenye matete marefu, unalisikia ziwa tu. Ule usiku wa kwanza nilikaa macho nimekumbatia begi. Mara mbili nimesimamisha basi, nikamwambia dereva samahani, nimekosea.

Kila jioni nageuka nyuma kutazama. Kila jioni hakuna mtu, tumbo linakata, halafu linaacha.

Kinyozi

*

24 Mei

Kaka Breki,

Shikamoo. Nakuandikia ili usiwe na wasiwasi. Tumekutana juzi, siku yangu ya arobaini na tano.

Watu niliokutana nao asubuhi waliniambia kuna mwanamume anakuja, anachechemea, kila anayemwona anamuuliza kama kapita mwanamke anayehesabu watu. Nikaketi chini ya paa la kituo cha kupimia mahindi nikamngoja. Alipotokea sikumtambua, amekonda na ndevu zimekuwa za mtu asiyejua kinyozi. Akasimama mbali. Nikamnyooshea kidole, nikasema, "Mmoja." Akaketi pale pale njiani akalia, mwenye mizani akatoka kuuliza nani kafiwa.

Aliniomba radhi vizuri, bila chumvi. Nilimsamehe, kisha nikamgombeza, kisha tukala. Nikamnyoa mimi, kwa mkasi wake wenye kutu, na ni kazi mbaya kuliko zote nilizowahi kufanya kwa mikono hii.

Sasa kilichokuja. Asubuhi ananiambia, "Dada, nageuka, tunarudi wote kwa njia niliyojia." Nikamwambia ng'o. Upande huo umeshautembea, wangu hujautembea. Kituoni ulisema ziwa lote, hukusema nusu ziwa. Na mimi pia nimebakiza nusu yako. Akanywea. Akaniuliza kwa sauti ndogo, "Na huko nani atanihesabu?" Kaka, moyo ulinipasuka. Nilitaka kusema haya, twende. Miguu yangu yenyewe ilikuwa inataka kutembea na mtu. Nikamwambia ajihesabu.

Tumeahidiana kukutana kwa karani wa tiketi, atakayefika kwanza amngoje mwenziwe. Aliondoka bila kugeuka, au aligeuka mimi nikiwa nimeshageuka, sijui. Wewe ukipita na saruji yako mwezi wa saba, simama kituoni. Hiyo ndiyo kazi unayoiweza.

Mkia

*

2 Juni, kwa karani wa tiketi, ampe Mkia akifika

Dada Mkia,

Bahasha hii haina saruji. Ina tope, na ukiikung'uta utapata na mbegu za majani yanayong'ang'ania suruali. Bila shaka unayajua, ulipita hapa.

Wanakukumbuka. Kwenye nyumba yenye mlango wa bluu mama mmoja kanionyesha pazia ulilomshonea kwa mkono. Kwenye kivuko cha mawe watoto wa shule walinipanga mstari wakanihesabu wao wenyewe, wanasema ndivyo ulivyowafundisha. Nilipata aibu nikacheka. Huku kwako mvua inanyesha zaidi kuliko kule kwangu. Maji asubuhi hayana rangi ya fedha hata kidogo. Ni ya kijivu, na yananuka.

Jana jioni nilitua begi kwenye ubaraza wa shule iliyofungwa. Nikageuka nyuma, mazoea. Hapakuwa na mtu. Nilingoja tumbo likate. Likakata kidogo, kama mtu anayebisha hodi akijua hamna mtu ndani. Basi nikasimama wima, nikajigusa kifua, nikasema kwa sauti, punda mmoja aliyekuwa akila majani uani akiwa shahidi wangu: "Mmoja." Nikanyamaza kwanza, maana wewe hunyamaza kwanza kabla ya kutangaza. Halafu nikapiga kelele mpaka ndege wakaruka kwenye matete.

"Tumetimia!"

Natoka mapema kesho. Ziwa lipo mkono wa kulia.

Kinyozi